Maumivu makali hayapeleki umeme mkubwa zaidi

Wengi tunaamini kwamba ukiguswa taratibu, neva hupeleka umeme mdogo kwenye ubongo, na ukiungua hupeleka mkubwa. Sivyo, na aliyelithibitisha hilo anastahili kujulikana zaidi: Edgar Adrian, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1889 na kufanya kazi Cambridge.

Mwalimu wake, Keith Lucas, alikuwa ameshaonyesha kuwa neva inayoamrisha misuli ama hupiga mdundo mzima wa umeme, ama haipigi kabisa. Lucas alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1916. Je, neva zinazoleta hisia nazo hufuata kanuni hiyo? Midundo ni midogo mno, basi Adrian akaikuza kwa valvu, zile zile zilizotumika kwenye redio za zamani. Mwaka 1926, yeye na Msweden Yngve Zotterman walichukua msuli mdogo wa chura, wakaukata kidogo kidogo hadi kikabaki kihisio kimoja tu, kisha wakauvuta kwa vizito. Kila kizito kilipoongezwa, midundo ilikuja kwa kasi zaidi, lakini ukubwa wa kila mmoja haukubadilika.

Kwa hiyo ubongo hupima ukali kwa wingi wa midundo, pamoja na idadi ya neva zilizoamka. Adrian aliona pia kwamba mvuto ukiendelea bila kubadilika, midundo hupungua yenyewe. Ndiyo maana nguo uliyoivaa asubuhi unaacha kuihisi baada ya muda mfupi. Mwaka 1932 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Charles Sherrington.