Bastola inayopona wiki mbili, kisha inarudi kukwama

Mzee aliingia karakana kwangu hapa Arusha na Browning Hi-Power iliyofungwa kwenye kipande cha kanga, kibali chake mkononi, na bahasha ya kaki imebanwa kwapani. Tukasalimiana, nikakagua kibali, nikaichukua bastola.

"Fundi, hii imeshapita kwa mafundi wawili," akasema. "Inatoka kwao inapiga vizuri kabisa. Wiki mbili, tatu, inarudia yale yale. Inakwama."

Kabla ya yote nikatoa magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, nikavuta nyuma slaidi, yaani chuma cha juu kinachoteleza nyuma na mbele, nikatazama ndani ya chemba, mahali risasi inapokaa ikisubiri kupigwa, kisha nikaingiza ncha ya kidole. Hi-Power ina kizuizi kinachofanya kifyatulio kisifanye kazi magazini ikiwa nje, lakini bastola nyingi za umri huu kizuizi hicho kimekwishatolewa ili kifyatulio kilainike. Usikitegemee hata siku moja. Tegemea jicho na kidole.

Kisha nikamuuliza mzee swali ninalomuuliza kila mteja, na ambalo wengi hulichoka: inakwama vipi? Bastola hukwama kwa namna nyingi, na kila namna ina chanzo chake. Kuna risasi mpya kushindwa kupanda kuingia chemba, pua yake ikagota chini. Kuna ganda tupu kushindwa kutoka, likabanwa wima kwenye dirisha la slaidi kama bomba la jiko. Kuna ganda kubaki ndani ya chemba kabisa. Kuna slaidi kurudi mbele isifunge vizuri. Mtu akikwambia tu "inakwama" ni sawa na mgonjwa kumwambia daktari "naumwa". Mzee akafikiri, akasema, "Zamani ilikuwa risasi inagota. Sasa hivi ni ganda linasimama. Mara nyingine yote mawili."

Hapo nikavuta kiti, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umebadilika sura njiani. Bastola ambayo haijaguswa na mtu haibadilishi tabia ghafla hivyo. Aliyeibadilisha ni mkono wa fundi.

Ndipo ile bahasha ikawa na thamani. Mzee ni mtu wa kutunza vitu. Kila kipuri alichobadilishiwa alidai kirudishwe. Nikaimwaga juu ya meza: springi kubwa ya slaidi iliyochoka, na risiti mbili. Fundi wa kwanza alisafisha na kung'arisha njia ya kupandia risasi. Fundi wa pili alibadilisha springi ya slaidi. Kwenye risiti yake ameandika kwa fahari: "springi kali zaidi".

Niieleze kidogo bastola yenyewe, maana bila hivyo nitakayosema hayataeleweka. John Browning, mbunifu wa silaha kutoka Marekani, ndiye aliyeianza, akafia Ubelgiji mwaka 1926 kabla haijakamilika. Aliyeimalizia ni Dieudonné Saive, mbunifu wa kiwanda cha FN cha Ubelgiji, na ndiye aliyebuni magazini yake ya risasi 13 zilizopangwa safu mbili, jambo lililokuwa geni wakati ule. Ikatoka mwaka 1935. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitengenezwa Ubelgiji chini ya Wajerumani, na upande wa pili wa vita ikatengenezwa Kanada, kiwanda cha Inglis mjini Toronto. Jeshi la Uingereza lilikaa nayo mpaka lilipohamia Glock 17 mwaka 2013. Mwaka 2018 FN wakatangaza kwamba wameacha kuitengeneza. Mwaka 2022 walitoa bastola mpya yenye jina linalofanana, lakini ni kitu kingine, na magazini zake haziingiliani na za hii ya zamani. Ukiagiza vipuri, hakikisha muuzaji ameelewa hilo.

Ya mzee ni ya miaka ya 1970. Ukucha wake wa kushika ganda uko nje ya slaidi, tofauti na zile za kabla ya mwaka 1962 ambazo ukucha wake ulifichwa ndani.

Sasa fikiria kinachotokea ndani yake ukipiga risasi moja. Slaidi inatupwa nyuma. Ukucha umelishika ganda kwenye shingo ya kitako chake, unalivuta kutoka chemba. Ganda linagonga chuma kidogo kilichosimama upande wa kushoto wa fremu, linaruka nje kwa kulia. Slaidi inaendelea nyuma, inainamisha nyundo, inakandamiza springi yake hadi mwisho. Halafu springi inairudisha mbele, na njiani slaidi inaikumba risasi iliyo juu kabisa kwenye magazini na kuisukuma chemba. Ili hilo lifanikiwe, magazini lazima iwe imeshaipandisha risasi mahali pake kabla slaidi haijapita. Ni mbio za springi mbili, ya slaidi na ya magazini, na ya magazini lazima ifike kwanza.

Springi ya slaidi ya kiwandani kwa Hi-Power ya milimita 9 ina nguvu ya pauni 17. Ukiweka kali zaidi, mambo mawili yanatokea kwa mpigo. Slaidi hairudi nyuma kwa kasi na umbali uleule, hasa ukitumia risasi hafifu, kwa hiyo ganda linagongwa kwa unyonge na halipati muda wa kutoka kabla dirisha halijafunga. Na inaporudi mbele inarudi kwa haraka zaidi, ikiipa magazini muda mfupi zaidi wa kupandisha risasi. Watu hudhani springi ngumu ni dawa ya bastola iliyozeeka. Kwa Hi-Power iliyo nzima, ni dawa ya ugonjwa usiokuwepo.

Lakini kushuku si kujua. Sikubadilisha kitu chochote siku ile. Nilichukua rangi ya kucha ya binti yangu, nyekundu, nikaandika namba kwenye kitako cha kila magazini: moja, mbili, tatu. Mzee anazo tatu, zinafanana kama mapacha, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuzitofautisha. Ukinisoma hadi hapa na hukumbuki kingine, kumbuka kuzipa namba magazini zako leo.

Tukaenda uwanja wa shabaha. Mzee alikuwa na maboksi ya aina mbili: risasi zenye kichwa cha uzito wa greni 124 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) na msukumo wa kutosha, na za greni 115 za bei nafuu, laini mkononi. Nilipiga magazini zote tatu kwa zile laini, risasi 39 jumla, nikiandika kila moja kwenye daftari. Namba moja: ganda la risasi ya saba lilisimama wima dirishani. Namba tatu: hakuna tatizo, ila maganda yalidondoka karibu na kiatu changu cha kulia. Namba mbili: ganda moja wima, halafu risasi ya 12 ikagota pua chini, nikaiondoa, na ya 13 ikagota pia. Baada ya risasi ya mwisho slaidi ikajifunga badala ya kubaki wazi.

Yale maganda ya miguuni ndiyo yaliyosema zaidi, hata kwenye magazini ambayo haikukwama. Bastola yenye afya hulitupa ganda hatua tatu, nne, kulia na nyuma kidogo. Ganda linalodondoka kama embe bivu ni onyo kwamba slaidi haina nguvu nyuma, au ukucha haushiki. Wapigaji wengi huangalia tundu kwenye karatasi ya shabaha tu. Mimi humwomba mwenzangu asimame pembeni aangalie maganda.

Tuliporudi karakana nikafungua. Hi-Power ina neema hii: huhitaji kubonyeza kifyatulio ili kuifungua, unafunga slaidi nyuma kwa sefti, unasukuma pini ya slaidi, basi. Nikatoa mtutu, nikachukua risasi bandia isiyo na baruti wala fataki, nikaitelezesha chini ya ukucha, nikaitikisa slaidi taratibu. Ikaanguka. Nikatazama kwa kioo cha kukuzia: chini ya ukucha mlikuwa na masizi yaliyogandamana meusi kama lami, yakiuzuia usirudi ndani ipasavyo. Ncha ya ukucha yenyewe ilikuwa kali, haijalika. Nikausafisha kwa kijiti cha mianzi na mafuta, nikajaribu tena. Risasi bandia ikakaa hata nilipotikisa kwa nguvu kidogo.

Nikakagua pia kazi ya fundi wa kwanza. Hi-Power za zamani zina njia ya kupandia yenye nundu kidogo, iliyofanywa kwa risasi za pua ya duara; matoleo ya baadaye yakanyooshwa ili yakubali pua zenye shimo. Mafundi wengi hupenda kuiondoa nundu kwa jiwe la mashine, na hapo roho yangu huenda mbio. Ukila chuma kwenye mdomo wa chemba, kitako cha ganda kinabaki bila kuta za kukishika, na ganda linaweza kupasukia mkononi mwa mtu. Nilichukua maganda 10 kati ya tuliyopiga, nikayazungusha chini ya taa kutafuta uvimbe karibu na kitako. Hakuna. Fundi yule alikuwa ameng'arisha tu, hajala chuma. Nikashukuru.

Kisha nikaweka springi mpya ya pauni 17. Ile ya kwenye bahasha nililinganisha nayo: ilikuwa fupi kwa mizunguko mitatu hivi, kwa hiyo ni kweli ilihitaji kubadilishwa, ila kwa springi ya kiwango, si kali zaidi.

Uwanjani tena, risasi zilezile laini, 39. Maganda yakaanza kuruka. Hakuna hata moja lililosimama. Hapa niwe mkweli: nilisafisha ukucha na kubadilisha springi kwa pamoja, kwa hiyo siwezi kukwambia kila kimoja kilichangia kiasi gani. Nilipaswa kupiga raundi katikati. Lakini risasi za mzee zinanunuliwa kwa kibali na kwa fedha yake, na nikaamua kuziweka akiba kwa swali gumu zaidi, kwa sababu magazini namba mbili ilikuwa bado inagota. Risasi ya 12, risasi ya 13, slaidi haibaki wazi.

Risasi za mwisho kugota, na slaidi kushindwa kubaki wazi, ni alama za springi ya magazini iliyochoka. Risasi zikiwa zimebaki mbili, springi imejikunjua karibu yote, na hapo ndipo nguvu yake huwa ndogo kuliko wakati wote. Lakini midomo ya magazini, zile kingo za juu zinazoishika risasi, ikipanuka nayo huweza kuchezea pembe ya risasi, kwa hiyo sikutaka kubahatisha. Nilifungua namba mbili na namba tatu, nikabadilishana springi zake, bila kugusa kingine. Tukapiga risasi 13 kwa kila moja.

Namba mbili ikala zote, slaidi ikabaki wazi. Namba tatu, ambayo haikuwahi kukosea, ikagota ya 13.

Mzee alisimama akiiangalia ile namba tatu kwa muda. "Kwa hiyo ugonjwa umehamia kwenye hii?" Nikamwonyesha springi mezani: kutu ya kahawia kwenye mizunguko ya chini, na ukiisimamisha kando ya nyingine ni fupi kwa upana wa vidole viwili. Ugonjwa unakaa ndani ya springi hii moja, mzee. Ulikuwa hapo tangu mwanzo.

Na sasa ile hadithi ya wiki mbili ikajieleza yenyewe. Kila alipopeleka bastola kwa fundi, aliipeleka na magazini moja, iliyokuwa ndani yake siku hiyo. Fundi anapiga magazini moja, nzima, kwa risasi zake mwenyewe zenye nguvu. Safi. Mzee anarudi nyumbani, wiki mbili baadaye anakwenda uwanjani na magazini zote tatu na risasi za bei nafuu, na siku namba mbili inapopata zamu yake, bastola "imerudia". Fundi wa kwanza akalaumu njia ya kupandia. Wa pili akalaumu slaidi, akaweka springi iliyozidisha mbio ambazo magazini ilikuwa tayari inashindwa, na akaleta ganda la kusimama ambalo halikuwepo. Kila mmoja alifanya kazi ya mikono safi. Hakuna aliyeuliza ni magazini ipi.

Ndiyo maana siku hizi bastola ikija kwangu baada ya kupita kwa fundi mwingine, huanza kwa kuirudisha ilivyotoka kiwandani kadiri niwezavyo, kabla ya kutafuta kosa la asili. Kosa la asili linaweza kuwa dogo sana likiwa peke yake. Likifunikwa na tiba mbili juu yake, huonekana kama bastola nzima imekufa.

Niliweka springi mpya kwenye magazini zote tatu, tukapiga magazini sita mfululizo, risasi 78, tukichanganya aina zote mbili. Hakuna iliyogota, hakuna ganda lililosimama. Mzee aliokota maganda yake mwenyewe kwenye nyasi, akayahesabu ndani ya kofia.

Kwenye daftari langu ukurasa wake bado uko wazi. Ukucha ni wa zamani na nimeusafisha tu, sijaubadilisha. Nimemwambia alete bastola pamoja na magazini zote tatu baada ya risasi 500 nyingine, au mapema zaidi akiona maganda yameanza tena kudondoka karibu na kiatu.