Huyo Kwenye Matamvua Si Mnyoo

Ukifunua matamvua ya kolekole au nguru sokoni Kongowea, Mombasa, mara nyingine utakuta vijidudu vyeupe vimeng'ang'ania humo, na neno la kwanza kutajwa huwa funza au minyoo. Wengi wao ni kopepodi, ukoo mmoja na kamba na kaa, waliozoea kuishi kwa kumnyonya samaki. Hawamwambukizi binadamu. Minyoo halisi, ile inayojiviringa tumboni na kwenye maini, ni habari nyingine, na dawa yake ni kumpika samaki akaiva.

Kwanza tazama mkiani. Jike wa kopepodi aliyekomaa huburuta nyuzi mbili au vifuko viwili vya mayai, na hiyo ndiyo alama kubwa kwetu sisi tunaowatambua vidudu hawa. Yule dude anayekaa juu ya ulimi wa samaki, ambaye picha zake husambazwa sana, si kopepodi bali isopodi, jamaa mwingine wa kamba na kaa: ana jozi 7 za miguu, na mayai yake huyaficha chini ya kifua.

Mayai yenyewe pia yanasema. Kwa Caligus, jina la kundi mojawapo la kopepodi kama yale yanayofuata hapa, yamepangwa safu moja, kama sarafu zilizobanwa pamoja. Kwa Ergasilus yamesongamana ndani ya kifuko. Mahali alipokutwa nako husaidia sana. Pandarus hushikilia ngozi na mapezi ya papa. Lernanthropus hupenda matamvua, na kwa akina kolekole si mgeni. Pennella wa sulisuli ndiye mtihani: kinachoonekana nje ni kiwiliwili kirefu chembamba chenye manyoya mwishoni, ilhali kichwa kimezama ndani ya nyama na kutoa matawi kama nanga. Ukimvuta anakatika, nasi tunabaki na mkia usiotufaa. Mtoe kwa kumkata pamoja na nyama iliyomzunguka.

Chini ya hadubini kazi hubadilika. Caligus na Lepeophtheirus wanafanana kwa umbo bapa, lakini Caligus ana vikombe viwili vidogo kwenye ukingo wa mbele wa kichwa, mfano wa mwezi mwandamo, na mwenzake hana. Kumtenga hadi spishi hutubidi tumlainishe kwa asidi ya laktiki, tuifungue miguu, kisha tuhesabu miiba na vinywele vya kila pingili. Ni kazi ya kuumiza macho, na bado sijaona njia ya mkato iliyo bora. Vipimo vya DNA vinasaidia, ila lazima kuwe na kielelezo kilichokwisha kutambuliwa cha kulinganisha nacho.

Wafugaji wa mwatiko wana sababu ya kufuatilia haya. Caligus epidemicus, aliyeelezwa mwaka 1971 kutoka Australia, amewahi kusumbua samaki wa kufugwa barani Asia. Msongamano humpa nafasi, kwani makinda yake huogelea yenyewe kutafuta samaki.

Ukitaka kutuletea kielelezo, kitie kwenye ethanoli ya asilimia 70, au kali zaidi kama DNA itapimwa. Formalini huiharibu DNA. Mpige picha samaki mzima, maana changu ni wengi na jina la sokoni pekee halitoshi. Andika tarehe, mahali alipovuliwa, na kiungo ambako kidudu kilishika. Tumia penseli, na karatasi uitie ndani ya chupa. Wino huyeyuka kwenye ethanoli, na maandishi ya juu ya kifuniko hupotea kifuniko kikibadilishwa.