Pasipoti ya BNO haikuwa uraia wa Uingereza

Tangu sheria ya usalama wa taifa ya China ilipoanza kutumika Hong Kong, Juni 2020, watu wengi wameamini kwamba mkazi mwenye pasipoti ya BNO (British National Overseas, hadhi ambayo Uingereza iliwapa wakazi wa koloni lake hilo la zamani) alikuwa tayari Mwingereza, na kilichomzuia kuhama ni ndege tu. Sivyo. Hadhi hiyo, ambayo wakazi waliweza kuiomba kabla ya utawala kurudi China mwaka 1997, ilimruhusu kuingia Uingereza kama mgeni kwa miezi sita, bila haki ya kuishi wala kufanya kazi.

Haki hizo zililetwa na viza iliyofunguliwa tarehe 31 Januari 2021. Viza ya miaka mitano iligharimu pauni 250, lakini mzigo hasa ulikuwa ada ya afya, pauni 624 kwa mtu mzima kila mwaka, iliyolipwa yote mapema. Ukaazi wa kudumu huombwa baada ya miaka mitano, na uraia mwaka mmoja baadaye.

Vizuizi vya korona navyo vilieleweka vibaya, kana kwamba vilizuia kuomba viza. Maombi yaliweza kufanyika mtu akiwa Hong Kong, na viza haikumlazimu kupanda ndege mara moja. Ugumu ulikuwa kurudi: kuanzia mwishoni mwa Desemba 2020 Hong Kong ilizuia abiria waliotoka Uingereza, hivyo aliyemwacha mzazi mgonjwa alikuwa na sababu nzito ya kusubiri. Isitoshe, mamlaka za huko zilikataa pasipoti ya BNO kama ushahidi wa kuhama kabisa, unaohitajika ili kutoa mapema akiba ya uzeeni.