Swali la "ipi kali" na vidonge vya kwenye pindo la kanga

Wiki chache zilizopita mama mmoja mtu mzima alifika kwenye dirisha la duka langu la dawa, akafungua pindo la kanga na kunimwagia vidonge vyake juu ya kaunta. "Mwanangu, magoti hayanilazi. Nipe iliyo kali kuliko hizi."

Nikavitenganisha kwa kidole. Kipande cha pakiti ya diklofenaki ya miligramu 50, kipande cha ibuprofeni ya miligramu 400, na losartani yake ya presha. Zile mbili za kwanza alikuwa anazimeza pamoja, asubuhi na jioni. Alizinunua maduka mawili tofauti, na hakuna aliyemwambia kwamba hizo ni ndugu wa tumbo moja.

Hakuna swali ninaloulizwa zaidi ya "ipi kali", na jibu langu huwa linawaudhi watu: dawa za maumivu za kundi hili, kama diklofenaki na ibuprofeni, zikitumika kwa dozi kamili, zinakaribiana sana. Mmoja atapata nafuu kwa hii, mwenzake kwa ile, na hakuna njia ya kujua mpaka ujaribu. Zote zinazuia kimeng'enya kinachoitwa COX kisitengeneze prostaglandini, kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu. Mwanasayansi John Vane alilionyesha hilo kwa aspirini mwaka 1971, na mwaka 1982 akawa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel. Ila prostaglandini hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu ipite vizuri kwenye figo. Dawa haichagui. Ndiyo maana kumeza mbili za kundi hili kwa pamoja hakukuongezei nafuu ya maana, ila vidonda vya tumbo unavisogeza karibu.

Zinapoachana waziwazi ni kwenye muda. Nusu ya ibuprofeni huwa imeshatoka kwenye damu baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo hurudiwa kila baada ya saa 6 hadi 8. Naprokseni, ya kundi hilohilo, hukaa muda mrefu zaidi, mara mbili kwa siku inatosha. Meloksikamu, nayo ya kundi hili, ni kidonge kimoja kwa siku. Jino au maumivu ya hedhi, mimi natoa ibuprofeni. Mwenye baridi yabisi anayeamka viungo vimekakamaa anahitaji inayokaa usiku kucha.

Halafu kuna moyo, na hapa ndipo ninapogombana na wateja wangu wa diklopa. (Diklopa ya mtaani kwa kawaida ni diklofenaki iliyochanganywa na parasetamoli, kwa hiyo ukiongeza Panadol juu yake umemeza parasetamoli mara mbili.) Miaka ya nyuma wataalamu walitafuta dawa isiyochokoza tumbo, wakapata selekoksibu na rofekoksibu. Ya pili iliuzwa kwa jina la Vioxx. Kampuni ya Merck iliiondoa sokoni Septemba 2004 baada ya kuonekana inaongeza shambulio la moyo na kiharusi. Diklofenaki, kongwe kuliko hizo, ina tabia inayofanana nazo. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilisema asipewe mtu mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi. Hata orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ina ibuprofeni, diklofenaki haimo. Huku kwetu bado ndiyo ya kwanza kutajwa.

Kwa mtu ninayemhofia moyo, naprokseni ndiyo yenye rekodi nzuri kidogo, ingawa tumbo inalisumbua kuliko ibuprofeni ya dozi ndogo, kwa hiyo huenda pamoja na omeprazo, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Na anayekunywa aspirini ndogo kila siku kwa ajili ya moyo aseme kabla hajapewa ibuprofeni: ikitangulia, inaiziba aspirini njia. Aspirini inywewe kwanza, ibuprofeni ingoje angalau nusu saa.

"Basi nichome sindano, isipite tumboni." Hilo nalo nalisikia kila wiki. Kinacholidhuru tumbo zaidi hupitia kwenye damu, na sindano inakwenda kwenye damu. Utapata vidonda vilevile, na ukichomwa vibaya kwenye tako mshipa wa fahamu unaweza kuumia ukabaki unaburuta mguu. Kula kwanza kunapunguza kiungulia, lakini hakukukingi na vidonda.

Figo ndizo zinazonitisha zaidi, kwa sababu hazilii. Huko India diklofenaki ya mifugo iliangamiza tumbusi kwa mamilioni: walikula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa, figo zikafa, hadi serikali ikapiga marufuku matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006. Binadamu si tumbusi, lakini mchanganyiko wa dawa hizi, dawa za presha kama losartani au enalaprili, na vidonge vya kukojosha umewalaza wengi hospitali, hasa wazee na mtu anayeharisha. Zaidi ya hapo, zinapandisha presha na kuidhoofisha dawa yake. Mjamzito aliyepita wiki ya 20 simpi bila daktari. Na homa yenye maumivu makali ya mwili wakati wa dengi, kama Dar es Salaam ilivyopitia 2014 na 2019, ni parasetamoli peke yake, maana hizi nyingine zinaweza kuongeza kuvuja damu.

Tukarudi kwa mama. Nilimpima presha: 164 kwa 98. Nikamuuliza choo, akasema kuna siku kilikuwa cheusi kama lami, dalili ya damu kuvuja tumboni. Hapo sikuuza kitu, nilimwandikia karatasi aende hospitali siku ileile, na zile mbili nikamwomba aziache. Aliondoka amenuna, alikuja kununua dawa kali, akaondoka na karatasi.

Amerudi juzi. Walimkuta na kidonda tumboni, anakitibu. Magoti sasa anapaka jeli ya diklofenaki, ambayo inaingia kwenye damu kidogo tu ukilinganisha na kidonge, na parasetamoli akizidiwa. Presha imeshuka hadi 146 kwa 88. "Jeli inanuka," akaniambia, akaomba nyingine.