Kwa nini asidi ya nitriki, na si salfuriki?

Wanafunzi ninaokutana nao huku Arusha huniuliza swali moja la maana: kama mwamba wenye urani huyeyushwa kwa asidi ya salfuriki, ambayo ni rahisi kupatikana, kwa nini fueli iliyokwisha kutumika kwenye kinu cha nyuklia, ikiyeyushwa ili kuchakatwa upya, itiwe kwenye nitriki? Tanzania haina kinu cha umeme wa nyuklia, lakini kemia haina mipaka, kwa hiyo tulijibu.

Vidonge vya fueli ni oksidi ya urani, UO₂, na urani iliyomo ina chaji ya +4. Ikiwa hivyo ni mkaidi. Nitriki huitafuna oksidi na papo hapo kuipandisha urani hadi +6, ikawa uranili (urani iliyoshikana na oksijeni), ambayo huyeyuka bila taabu na kuugeuza mchanganyiko kuwa wa njano. Salfuriki peke yake haiwezi kuipandisha hivyo. Hata wanaoyeyusha mwamba mara nyingi huongeza manganizi dayoksaidi ili ifanye kazi hiyo. Haidrokloriki nayo ingeula chuma cha pua cha mitambo.

Kwenye kiwanda cha kuchakata fueli iliyotumika, kama pale La Hague nchini Ufaransa, fimbo hukatwa vipande vya sentimita chache na kutumbukizwa katika nitriki inayokaribia kuchemka. Oksidi hutoka, mirija ya zirkoni hubaki mitupu kama maganda ya karanga. Chombo hutengenezwa chembamba, au huongezwa gadolini inayomeza nyutroni, ili mmenyuko wa mnyororo (atomi kupasuana mfululizo) usije ukaanza humo ndani. Hapo sifanyi mzaha.

Kuyeyusha urani, kwa maoni yangu, ndiyo kazi nyepesi. Kasheshe iko kwenye vile visivyotulia ndani ya asidi. Gesi za oksidi za nitrojeni za rangi ya kahawia hupanda, zikiandamana na kriptoni-85 na iodini-129, zote zenye mionzi; nusu-maisha ya iodini hiyo, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni takriban miaka milioni 15.7. Iodini lazima inaswe, aghalabu kwa kuoshwa na magadi makali au kwa vichujio vyenye madini ya fedha. Chini nako hubaki chembe laini nyeusi za rutheni, rodi, paladi, molibdeni na tekneti. Zinatoa joto, huziba mabomba, na hutenganishwa kwa mashine ya kuzungusha kwa kasi.

Plutoni, metali yenye mionzi inayozaliwa ndani ya kinu, ndiyo inayoninyima raha. Ikiwa kidogo, imeenea vizuri ndani ya urani, huifuata urani kwenye asidi. Oksidi ya plutoni tupu ni habari nyingine: nitriki huigusa kwa shida sana. Kwa hiyo fueli ya mchanganyiko wa oksidi za urani na plutoni ikitengenezwa vibaya, vidonge vikawa na mafungu ya plutoni, mafungu hayo hubaki kwenye mashapo, na mahesabu ya plutoni hayafungi. Dawa yake ipo: madini ya fedha yenye chaji ya +2, inayozalishwa kwa umeme humo humo kwenye nitriki, huiyeyusha haraka. Oksidi ya thori, metali nyingine ya fueli, nayo huhitaji floridi kidogo, ambayo huula mtambo wenyewe, na wahandisi hulazimika kuongeza alumini ili kuituliza.