Anga ya kina: kwa nini picha moja haitoshi

Wapiga picha za angani wakitaja "anga ya kina" wanamaanisha vilivyo nje ya mfumo wetu wa jua, ukiacha nyota mojamoja: makundi ya nyota, nebula (mawingu ya gesi na vumbi) na galaksi. Mwezi, Mshtarii na Zohali havimo. Kilimia, lile kundi la nyota zilizosongamana, kimo, ingawa wakulima wa pwani walikitazama kwa macho matupu tangu zamani ili kujua msimu.

Wengi hudhani shida ni udogo, basi hutafuta darubini ya kukuza sana. Sivyo. Galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 hivi, imetanda angani karibu mara sita ya upana wa Mwezi. Hatuioni hivyo kwa kuwa nuru yake ni hafifu mno. Jicho haliwezi kulimbikiza nuru dakika nzima, kamera inaweza.

Ila Dunia inazunguka, na baada ya sekunde chache tu nyota hugeuka vistari. Ndiyo maana darubini huwekwa juu ya stendi yenye mota inayofuata anga, mhimili wake ukielekezwa kwenye ncha ambayo anga yote huonekana kuizunguka. Kwa aliyeko Dar es Salaam, ncha ya kusini iko nyuzi 7 tu juu ya upeo wa macho, mara nyingi nyuma ya ukuta wa jirani. Tena stendi nyingi hazikuundwa kulala kiasi hicho: uzani wa kusawazisha huishia kugonga mguu. Mimi ningetumia pesa kwenye stendi kabla ya darubini.

Kisha haipigwi picha moja ndefu, ambayo upepo au setilaiti ikipita imeharibika. Hupigwa fupifupi, tuseme za sekunde 30, halafu programu kama DeepSkyStacker, ambayo ni ya bure, huzilinganisha nyota kwa nyota na kuchukua wastani. Chenga (vidoadoa vya ovyo kwenye picha) hubadilika kila picha, kwa hiyo hufifishana, nebula haihami. Picha 100 hupunguza chenga mara 10, si mara 100, na ukitaka mara 20 andaa picha 400.

Cha kuanzia ni nebula ya Orion, karibu na zile nyota tatu zilizojipanga mstari, ziitwazo mkanda wa Orion. Januari usiku huwa juu kabisa, na inang'aa kiasi cha kuonekana hata kwenye taa za mji.