Je, wajua sulky, sullen na surly ni minuno tofauti?

Wengi wetu tukijifunza Kiingereza huyatia maneno haya yote katika kapu moja: kununa. Lakini Mwingereza akisikia sulky, sullen, surly au moody, huona watu wanne tofauti.

Sulky ni kununa kunakotaka kuonekana. Mtoto kanyimwa simu. Kavuta mdomo, sahani ya wali kaisukuma kando, lakini jicho la pembeni linachungulia kama mama ameona. Akibembelezwa kidogo, anakula. Sisi tungesema amesusa. Neno sulky lilianza kuandikwa katika karne ya 18, na karne hiyohiyo wakalipa jina hilo gari jepesi la farasi lenye magurudumu mawili na kiti kimoja tu, kana kwamba mpandaji amewasusa wenzake. Gari hilo bado lipo kwenye mbio za farasi, na jina ni lilelile.

Sullen ni nzito zaidi. Huyu hasubiri kubembelezwa. Anajibu "sijui" na "sawa", kisha kimya, na unaweza kukaa naye meza moja usimfikie. Asili yake ni solus ya Kilatini, yaani peke yake, na zamani sullen alikuwa mtu wa kujitenga. Kiingereza hulitumia hata kwa anga lililofunga mawingu mazito. Kwa hiyo naona si haki kumwita mtoto sullen kwa sababu tu amesusa chakula cha usiku. Alikuwa na hasira ya saa moja, wewe umempa tabia.

Surly haihusu huzuni hata kidogo. Ni karani anayekurushia chenji bila kukutazama, anayejibu swali la kawaida kama umemtukana. Limetokana na sir, bwana: katika karne ya 16 liliandikwa sirly, na lilimhusu mtu anayejikweza kibwana. Ubwana ukasahaulika, ukali ukabaki.

Na moody? Katika Kiingereza cha kale, modig alikuwa jasiri, mtu mwenye moyo. Leo ni yule ambaye asubuhi anacheka na mchana hasemeki. Neno hili linataja kubadilikabadilika kwake, ndiyo maana hata mtu anayecheka sasa hivi anaweza kuitwa moody, lakini huwezi kumwita sulky mpaka anune.